Tovuti Isiyo na Mrithi

Shirika linapofungwa, mali yake hugawanywa kwa utaratibu unaojulikana: magari hupigwa mnada, meza na viti hupelekwa shuleni au kanisani, madeni hulipwa kwa kadiri ya fedha zilizosalia, na funguo za ofisi hurudishwa kwa mwenye nyumba. Ni nadra tovuti kutajwa katika orodha hiyo. Kwa kuwa hakuna aliyeamua kuifuta, wanachama na hata viongozi hudhani kwamba itaendelea kuwapo, kama vile kibao cha shirika kinavyoendelea kusimama kando ya barabara miaka mingi baada ya wafanyakazi kuondoka. Dhana hiyo si sahihi, kwa maana kibao hudumu bila kuhudumiwa na mtu yeyote, ilhali tovuti hudumu kwa sababu tu kuna mtu anayeilipia.

Malipo hayo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya jina la kikoa, yaani anwani ambayo msomaji huiandika ili kuifikia tovuti. Nchini Kenya majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na mashirika yasiyo ya kibiashara hutumia zaidi kikoa cha .or.ke, wakati upande wa pili wa mpaka, nchini Uganda, majina huishia na .ug. Jina la kikoa halinunuliwi likawa mali ya kudumu, bali hukodiwa kwa mwaka au kwa miaka kadhaa, na muda ukipita bila malipo hupita kipindi kifupi cha rehema, kisha jina hufunguliwa kwa yeyote anayelitaka. Malipo ya pili ni ya nafasi katika seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana ili kuzitoa kurasa hizo kila zinapoombwa, na hapo pia kampuni inayopangisha nafasi haina wajibu wa kutunza mafaili ya mteja asiyelipa. Kwa kawaida, basi, tovuti haifi siku shirika linapofungwa, bali miezi kadhaa baadaye, wakati ankara inapotumwa kwa anwani ya baruapepe ambayo hakuna tena anayeifungua. Lililo baya zaidi ni kwamba majina yaliyoachwa huwindwa na wafanyabiashara, kwa kuwa jina lililotajwa kwa miaka mingi na tovuti nyingine lina thamani katika injini za utafutaji, na hivyo anwani iliyokuwa ya kikundi cha wajane au ya mradi wa maji huweza kugeuka kuwa mlango wa mchezo wa kamari.

Katika ukanda wa Chakol, magharibi mwa Kenya, kati ya miji ya mpakani ya Busia na Malaba, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mpaka huvuta miradi na miradi kwa desturi ina tarehe ya kuisha. Katikati ya miaka ya 2000, kwa mfano, mradi wa ROADS, uliosimamiwa na shirika la FHI kwa fedha za Marekani, uliendesha vituo vilivyoitwa SafeTStop huko Malaba na Busia, ambako madereva wa malori waliosubiri forodhani siku nyingi, pamoja na wakazi wa miji hiyo, walipata ushauri nasaha na elimu kuhusu virusi vya ukimwi. Foleni zile zilipungua baada ya kuanzishwa kwa vituo vya pamoja vya mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu upande anaoingia, kituo cha Busia kikiwa kilizinduliwa na marais wa nchi zote mbili mwezi Februari 2018. Anayetaka leo kuandika historia ya Malaba ya miaka ile, jinsi watu walivyoishi kwa kutegemea foleni na jinsi ugonjwa ulivyosafiri pamoja na mizigo, atahitaji maandishi ya miradi iliyoifanyia kazi hali hiyo, na sehemu kubwa ya maandishi ya namna hiyo yalichapishwa mtandaoni na kuachwa huko.

Ni vyema kulinganisha hali hii na ya karatasi, kwa sababu tofauti iliyopo si ile inayodhaniwa na wengi. Karatasi ina maadui wake, mchwa, panya, mvua na moto, lakini ina sifa moja kuu, nayo ni kwamba huvumilia kutelekezwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ilichukua miaka 7 kwa Kenya, Tanzania na Uganda kutia saini mkataba wa kugawana mali na madeni yake, yaani hadi Mei 1984, na katika miaka hiyo yote leja na majalada ya mashirika yake ya reli, posta na bandari yangeweza kukaa katika stoo zilizofungwa yakisubiri wenyewe waelewane. Leja iliyowekwa kabatini mwaka 1977 inaweza kusomwa leo na yeyote anayejua kusoma, bila umeme na bila nywila. Tovuti haina stahamala hiyo: ikiachwa miaka 7 bila mtu, haitakuwapo. Kwa hiyo swali la msingi ni la mirathi, yaani ni nani atakayeirithi kazi ya kulipa, kuhudumia na kujibu maswali baada ya mwenyewe kuondoka, na teknolojia huja baada ya swali hilo kujibiwa.

Mfano wa mirathi iliyokatika uko karibu na nyumbani. Hadi uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 Kenya ilikuwa na serikali za mitaa 175, ambazo zote zilikoma mfumo wa kaunti ulipoanza, na miongoni mwazo yalikuwamo Baraza la Manispaa ya Busia, Baraza la Mji wa Malaba na Baraza la Kaunti ya Teso. Mabaraza hayo yalikusanya ushuru wa soko, yaligawa viwanja, yalitoza malori ada ya maegesho na kutunza kumbukumbu za vikao ambamo madiwani wake waligombania kila shilingi. Ili makabidhiano yaende kwa utaratibu, iliundwa Mamlaka ya Mpito kwa sheria ya mwaka 2012, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuorodhesha mali na madeni ya mabaraza. Lakini Mamlaka hiyo nayo ilipewa uhai wa miaka mitatu tu baada ya uchaguzi, ikakoma mwezi Machi 2016, na kazi zake zilizobaki zikahamia kwa Kamati ya Kiufundi ya Uhusiano wa Serikali. Hapa inaonekana waziwazi jinsi mnyororo wa urithi unavyoweza kuwa na pete nyingi kiasi kwamba kitu kisichoshikika, kama vile mafaili yaliyomo katika seva ya kukodi, hudondoka kati ya pete moja na nyingine pasipo mtu yeyote kuwa na kosa.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni wa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Tume hiyo ilikusanya taarifa za watu 42,465 na hati za maombi 1,828, idadi ambayo ni kubwa kuliko ya tume nyingi za namna hiyo duniani, na ilisikiliza ushahidi wa hadharani katika pembe mbalimbali za nchi, ukiwamo ule wa Mlima Elgon, ambao watu wa Teso huuona kwa macho upande wa kaskazini kukiwa na anga safi. Ripoti yake, yenye zaidi ya kurasa 2,000, ilikabidhiwa kwa Rais tarehe 21 Mei 2013, na baada ya hapo Tume ikavunjwa kama sheria ilivyoagiza. Tovuti yake haikudumu. Kilichoiokoa kazi hiyo isipotee machoni pa umma kilikuwa Chuo Kikuu cha Seattle, Marekani, ambako mmoja wa makamishna wa kigeni, Ronald Slye, alikuwa mwalimu wa sheria. Maktaba ya kitivo cha sheria cha chuo hicho iliziweka juzuu za ripoti, kumbukumbu za vikao vya ushahidi na nyaraka nyingine za Tume katika hazina yake ya kidijitali, ambako mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Tukio hilo linastahili kutafakariwa kwa pande mbili. Kwa upande mmoja, hifadhi hiyo ina faida inayozidi kule kuwapo tu kwa maandishi, kwa sababu sura ya ripoti inayohusu ardhi ilizua mgogoro: aya kadhaa zilibadilishwa kabla ya ripoti kukabidhiwa, na makamishna watatu wa kigeni wakakataa kuiidhinisha sura hiyo, wakaandika maelezo yao ya kupinga. Palipo na nakala moja tu inayoshikiliwa na mkono mmoja, mabadiliko ya aina hiyo hayaonekani. Palipo na nakala kadhaa katika mikono tofauti, msomaji anaweza kuzilinganisha na kuamua mwenyewe. Kwa upande wa pili, ni jambo la kuhuzunisha kwamba mtoto wa aliyetoa ushahidi wake kwa uchungu katika ukumbi wa mji wa Kenya magharibi anategemea hisani ya chuo kilichoko ng'ambo ya bahari ili ausome ushahidi huo, na kwamba hisani hiyo ilipatikana kwa bahati ya kamishna mmoja kuwa na chuo chenye maktaba iliyojipanga.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilikwenda njia nyingine. Iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994 na ikafungwa tarehe 31 Desemba 2015, baada ya kuwashtaki watu 93. Lakini miaka mitano kabla ya kufungwa, mwezi Desemba 2010, Baraza hilohilo lilikuwa limekwisha kuunda chombo cha kumrithi marehemu angali hai, yaani Taasisi ya Umoja wa Mataifa ya Kumalizia Mashauri Masalia, ambayo tawi lake la Arusha lilianza kazi tarehe 1 Julai 2012. Kwa zaidi ya miaka mitatu taasisi mbili, anayeondoka na anayeingia, zilifanya kazi katika mji mmoja, na miongoni mwa vilivyokabidhiwa ni nyaraka za mahakama pamoja na tovuti yake, ambayo imeendelea kusomeka kama tovuti ya kumbukumbu. Hakika fedha zilikuwapo, na hakuna kikundi cha Chakol kinachoweza kujilinganisha na Umoja wa Mataifa kwa mfuko. Hata hivyo kilichoiokoa tovuti ile kilikuwa kwanza uamuzi wa mapema, na uamuzi wa mapema hauhitaji mfuko.

Pale ambapo uamuzi huo haukufanywa, tegemeo lililobaki ni wale wanaokusanya bila kuombwa. Maarufu kati yao ni Internet Archive ya San Francisco, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ambayo tangu mwaka 2001 imeuwezesha umma kuzifikia nakala zake kupitia huduma iitwayo Wayback Machine: mtu huandika anwani ya tovuti iliyokufa, kisha huonyeshwa tarehe ambazo nakala zake zilichukuliwa. Afrika nayo ina nafasi katika historia hiyo, kwa kuwa Maktaba ya Alexandria nchini Misri ilipokea nakala ya mkusanyiko huo ilipofunguliwa mwaka 2002. Kazi ya kukusanya hufanywa na programu inayozunguka mtandaoni kwa kufuata viungo, ikitoka ukurasa mmoja kwenda mwingine na kunakili inachokikuta, na nakala hufungwa katika umbo la faili liitwalo WARC, lililokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2009, ambalo hutunza ukurasa pamoja na tarehe na mazingira ulimopatikana.

Programu hiyo, hata hivyo, haioni kila kitu. Ukurasa ambao hakuna kiungo kinachouelekea haiufikii. Hifadhidata inayotoa majibu baada ya msomaji kujaza fomu huiona kama mlango uliofungwa. Na video aghalabu huiponyoka. Zaidi ya hayo, tovuti ndogo isiyotajwa na wengine hutembelewa mara chache, pengine mara moja kwa mwaka, na kilichowekwa na kuondolewa kati ya ziara mbili hupotea. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikuweza kufikiwa tena muongo mmoja baadaye, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kurasa za vikundi vya mpakani, vyenye fedha kidogo na wataalamu wa kuazima, zina bahati zaidi kuliko hizo. Wahifadhi wenyewe nao hawana kinga: mwezi Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi na huduma zake zikakatika kwa siku kadhaa, jambo linalothibitisha kwamba hifadhi moja, hata iwe kubwa namna gani, haitoshi.

Thamani ya kuhifadhi inadhihirika vizuri kwa mfano wa Busia yenyewe, ambayo katika elimu ya uchumi ni eneo mashuhuri duniani, pengine kuliko inavyojulikana na wakazi wake. Kuanzia mwaka 1998 shirika la ICS, lenye asili ya Uholanzi, liliendesha mradi wa kutoa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi kusini mwa Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, na wachumi Edward Miguel na Michael Kremer wakachapisha matokeo yake mwaka 2004. Kremer alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kwa kuwa mafaili ya takwimu yalitunzwa na kutolewa kwa wengine, watafiti wa Uingereza waliweza kuyapitia upya, na mwaka 2015 wakachapisha makosa waliyoyakuta katika hesabu za awali, na kukazuka mjadala mkali kuhusu uzito wa makosa hayo. Upande wowote uwe na haki, mjadala wenyewe uliwezekana kwa sababu tu rekodi zilikuwapo. Madai ya mradi ambao rekodi zake zimepotea hubaki kuwa madai, hayathibitiki wala hayakanushiki.

Mradi mwingine wa shirika hilo, wa kuwatuza wasichana waliofaulu mitihani, ulifanyika mwaka 2001 na 2002 katika wilaya za Busia na Teso, ukihusisha shule 127. Makala iliyouchambua, iliyochapishwa Marekani mwaka 2009, inaeleza kwa nini shule kadhaa za Teso zilijitoa, na katika maelezo hayo inataja kwamba mwaka 2001 radi ilipiga Shule ya Msingi ya Korisai, wanafunzi 7 wakafariki na 27 wakajeruhiwa. Msiba wa jamii nzima umehifadhiwa, kwa wasomaji wa mbali, kama sababu ya kupungua kwa idadi ya shule katika jedwali. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa waandishi waliandika kilichowahusu. Lakini linaonyesha kwamba kumbukumbu iliyotunzwa na wengine hutunzwa kwa ajili ya maswali yao, na kwamba maandishi yaliyoelekezwa kwa wenyeji, taarifa za wilaya, ratiba za mikutano, picha za wazazi mbele ya darasa, ndiyo ya kwanza kuachwa.

Uzito huo huongezeka panapohusika lugha. Kiteso, au Ateso, lugha ya Waiteso walioko pande zote mbili za mpaka, ina maandishi machache mtandaoni, kiasi kwamba kijitabu kimoja cha afya kilichotafsiriwa kwa Kiteso na kupandishwa katika tovuti ya mradi kinaweza kuwa na istilahi za kitabibu zisizopatikana mahali pengine pa umma. Kijitabu cha namna hiyo cha Kiingereza kikipotea, kuna maelfu ya kufanana nacho. Cha Kiteso kikipotea, mradi unaofuata utaanza kutafsiri upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Mwaka 2025 ulileta somo hili kwa ukali usiotarajiwa. Tovuti ya USAID, shirika la Marekani la misaada ya maendeleo, ilizimwa tarehe 1 Februari mwaka huo, miezi mitano kabla ya shughuli za shirika lenyewe kukoma rasmi tarehe 1 Julai, na pamoja nayo ilitoweka kwa muda tovuti ya FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya njaa ulioanzishwa mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia. Wahifadhi wa kujitolea walifanya kazi usiku na mchana kuziokoa kurasa walizoweza, wakisaidiwa na ukweli kwamba nchini Marekani upo utaratibu, tangu mwaka 2008, wa kunakili tovuti za serikali kila kipindi cha urais kinapokwisha. Kwa Kenya funzo la maana zaidi lilikuwa jingine: ripoti za uchunguzi wa afya ya jamii zilizofanywa kwa fedha za USAID zilikuwa pia mikononi mwa Shirika la Takwimu la Kenya, mshirika aliyeziandaa, na hivyo hazikutegemea seva ya mfadhili. Mradi wenye mshirika wa ndani anayeshika nakala kamili, asiyeridhika na kiungo cha kuelekea kwa mfadhili, tayari una mrithi.

Si kila kitu, hata hivyo, kinachostahili kuhifadhiwa kinastahili pia kuachwa wazi. Tovuti za mashirika ya misaada zilijaa picha za watoto yatima zikiwa na majina na vijiji vyao, na simulizi za watu waliotangaza kwamba wanaishi na virusi vya ukimwi kwa imani kwamba wasomaji walikuwa wafadhili wa mbali. Mtoto wa picha kama hiyo sasa ni mtu mzima anayetafuta kazi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na desturi ya wahifadhi stadi ni kuwa na hifadhi ya aina mbili, iliyo wazi na iliyofungwa, ambapo ya pili hutunzwa kwa ukamilifu lakini hufunguliwa kwa sharti au baada ya miaka kadhaa. Mahakama ya Arusha ilifanya vivyo hivyo kwa mashahidi waliolindwa: rekodi zao hazikuchomwa, bali zilifungiwa.

Vikundi vingi vya Chakol, Amukura na Malaba havikuwahi kuwa na tovuti, bali vilikuwa na ukurasa wa Facebook na kundi la WhatsApp, na huko hali ni ngumu zaidi, kwa sababu programu za kukusanya huzuiwa mlangoni na kundi huishi ndani ya simu za wanachama. Kinachowezekana ni kutumia huduma ya kupakua data inayotolewa na kampuni zenyewe, na kufanya hivyo kabla msimamizi wa ukurasa hajapoteza laini yake ya simu.

Kwa tovuti ya kawaida, utaratibu wa kufunga ni mwepesi ukifanywa mapema. Tovuti nyingi hujengwa kwa programu inayounganisha kurasa na hifadhidata kila zinapoombwa, na programu hiyo isipohuishwa hugeuka kuwa tundu la wadukuzi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuigeuza tovuti iwe kurasa tuli, yaani mafaili ya kawaida yasiyohitaji hifadhidata, ambayo hukaa katika diski ndogo na kufunguka katika kivinjari chochote. Nakala hizo hupelekwa zaidi ya mahali pamoja, na katika eneo hili pana mahali pa kuanzia: Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022 na kilichomo Teso Kusini kwenyewe, pamoja na kituo cha Kakamega cha Idara ya Nyaraka za Kitaifa, ambayo tangu mwaka 1965 ina sheria ya kutunza rekodi za umma. Sheria hiyo, kama ilivyo ile ya kuwasilisha nakala za vitabu na magazeti, iliandikwa wakati wa karatasi, na wabunge wanayo kazi ya kuipanua, kama Uingereza ilivyofanya mwezi Aprili 2013 ilipoziruhusu maktaba zake kuu kunakili tovuti za nchi nzima bila kuomba idhini moja moja.

Kikundi kinachovunjwa hakihitaji kuwasubiri wabunge. Katika mkutano wa mwisho, baada ya ajenda ya madeni na kabla ya ile ya kufunga akaunti ya benki, kumbukumbu zinaweza kuandikwa kwamba jina la kikoa limelipiwa kwa miaka miwili au mitatu kutokana na salio, kwamba ukurasa wa mbele umebadilishwa ukasema shirika lilifungwa tarehe gani na nyaraka zake ziko wapi, kwamba baruapepe ya usajili imehamishiwa kwa taasisi iliyokubali kupokea, na kwamba nywila imekabidhiwa kwa maandishi kwa mtu aliyetajwa kwa jina na kwa cheo, ambaye ametia saini kuipokea.